MZEE ASINYANG'ANYWE JEMBE
Somo la kikundi: bustani ndogo kwa wazee wetu



Somo la toleo hili ni refu kidogo, kwa hivyo mnaweza kuligawa katika mikutano miwili. Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole, na mahali penye maswali msimame mzungumze kabla ya kuendelea. Kama kuna wazee katika kikundi chenu, wao waanze kujibu. Kama hakuna hata mzee mmoja, basi hilo lenyewe ni swali la kwanza: wako wapi?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ni rahisi mtu kufundisha kwa makosa ya jirani.

Mama yangu ana miaka 78. Nyumbani kwetu ni Vihiga, na wanaopajua wanajua kwamba kule shamba la familia nyingi halifiki ekari moja. Miaka sita iliyopita mama alianguka akipalilia mahindi saa saba mchana. Tukampeleka hospitali, akapatikana na presha, akalazwa siku nne. Wakati wa kutoka tukaambiwa, "Huyu mama asifanye kazi nzito tena." Basi sisi watoto tukakaa chini ya mwembe tukapitisha uamuzi: mama apumzike. Jembe lake kaka akalipeleka kwake. Tukaajiri kijana wa kulima, tukamnunulia mama kiti cha plastiki cha kuegemea, kila mmoja akaahidi pesa kidogo za mwezi. Tuliondoka pale tukijiona watoto wazuri sana. Mama peke yake hakusema kitu, ila neno moja aliloniambia nikiingia matatu: "Kwa hivyo sasa mimi ni mgeni hapa kwangu?" Nikacheka, nikamwambia, "Mama, si ufurahie, umefanya kazi ya kutosha."

Baada ya miezi minane nilirudi kwa siku nyingi kidogo, nikaona mambo ambayo kwa simu sikuyaona. Miguu imevimba. Kuinuka kwenye kile kiti lazima ashikwe mkono. Mchana anasinzia, usiku analalamika kwamba hapati usingizi. Chai na ugali kidogo, basi. Mboga anasema hazina ladha. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba alikuwa haulizi kitu. Mama yangu ni mtu wa kuuliza: mvua imenyesha huko? Fulani ameolewa? Sasa anakaa kimya akitazama barabara.

Nikampeleka zahanati. Daktari pale, kijana tu, akapima presha, akatazama miguu, kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kujiuliza: "Huyu mama hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni?" Nikajibu kwa fahari, "Hafanyi chochote, tumempumzisha." Yule kijana akaweka kalamu chini. Akasema, "Aliambiwa aache kazi nzito. Nani aliwaambia aache kazi?"

Simameni hapa mjadili:
Katika kijiji chetu, mtu akianza kuwa mzee tunamnyang'anya kazi gani? Nani huamua? Je, mzee mwenyewe huulizwa?
Je, tunafanya hivyo kwa upendo, au pia tunaogopa majirani watasema "tazama wanavyomtesa mama yao"?

MWILI UNATAKA NINI

Watu wengi tunafikiri mwili ni kama kiatu, ukiuvaa sana unaisha, kwa hivyo uuhifadhi. Lakini kiatu hakijijengi upya. Mwili wa mtu hujijenga kwa kutumiwa. Misuli isiyotumika hupungua, na kwa mzee hupungua upesi kuliko kwa kijana. Mzee akilala kitandani wiki mbili tu anaweza kupoteza nguvu za miguu ambazo zitamchukua muda mrefu kuzirudisha. Misuli ya mapaja ndiyo inayomwinua kitini na chooni. Ikiisha, anaanza kuanguka, na mzee akianguka mfupa wa nyonga ukavunjika, nyinyi mnajua habari hiyo huishia wapi katika nyumba nyingi.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, na wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa wazee linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujizuia usianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Ukisoma hivyo unafikiri ni mambo ya watu wa mjini wanaokimbia barabarani na viatu vyeupe. Lakini hebu tugawe: 150 ni nusu saa kwa siku, siku tano. Mzee anayeamka, akatembea hadi bustani yake, akainama kung'oa magugu, akainuka, akabeba jagi la maji, akanyoosha mkono kuchuma majani, amefanya mazoezi ya miguu, mgongo, mikono na vidole, na mwishowe ana mboga mkononi. Aliye na sukari au presha anasaidiwa na mwendo kama huu pamoja na dawa zake. Nimesema pamoja na dawa. Bustani haiponyi presha, na mtu asije akatupa vidonge eti kwa sababu amepanda managu.

Jua pia lina kazi yake. Likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na hiyo husaidia mifupa. Mzee anayefungiwa ndani mchana kutwa hulikosa hilo, hata hapa kwetu ambako jua hatununui.

Sasa nisikilizwe vizuri. Somo hili lisitumiwe kumrudisha mzee shambani. Tuna nyanya katika vijiji vyetu wenye miaka 70 ambao hawajapumzika hata siku moja: wanalea wajukuu yatima wanne au watano, wanalima ekari nzima kwa jembe la mkono, wanateka maji mtoni. Huyo hahitaji kuambiwa habari za mazoezi. Huyo anahitaji watu wa kikundi waende wamlimie. Watafiti wa nchi mbalimbali wamechunguza watu wanaolima bustani wakaona kwamba huzuni na wasiwasi hupungua na watu huridhika zaidi na maisha yao. Lakini wengi wa hao waliochunguzwa wana bustani za kujifurahisha. Kulima kwa kulazimishwa na njaa ni habari nyingine. Kwa hivyo tunaposema bustani ya mzee tunasema kipande kidogo, karibu na mlango, kazi ambayo anaweza kuiacha leo akaikuta kesho na hakuna mtoto atakayelala njaa kwa sababu hiyo.

MOYO NA AKILI

Hapa ndipo mimi nilijifunza zaidi, na si kwa kitabu.

Miche humfanya mtu aamke. Mzee ambaye hana anayemngojea asubuhi hana sababu ya kutoka kitandani; lakini akijua kuna miche ishirini iliyopandwa jana jioni, na jua linakuja, ataamka. Akichoka mchana kwa kazi ndogo, usiku atalala. Anajua leo ni siku gani kwa sababu mbegu zilipandwa Jumanne. Anatazama mawingu tena. Kuna kitu cha kuongea na jirani anayepita: "Hizo saga zako zimeota vizuri, mama, mbegu ulitoa wapi?" Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kuchukua nusu saa, na yule jirani aliyesimama atajua kesho kama mama hajaonekana.

Tena kuna heshima. Mzee aliyezoea kulisha watu, sasa analishwa kama mtoto, anaona haya hata kama hasemi. Siku mke wa mwanawe anapokuja na kikapu kuomba majani kidogo ya kunde, mambo yanageuka. Nimeona nyumba moja ambayo mama mkwe na mke wa mwana walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mambo ya jikoni, wakaanza kusalimiana juu ya mboga. Sisemi waliacha kugombana. Walipata la kusemezana.

Wale wanaoanza kusahau wanahitaji maneno zaidi. Kuna wazee ambao akili huanza kupotea: anasahau jina la mtoto wake, anapotea njia ya nyumbani, anatoka usiku, anaongea peke yake. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi. Nasema waziwazi kwa sababu katika nchi yetu watu wameuawa kwa jambo hili. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee walichomwa moto wakiitwa wachawi. Kule Kilifi pia wazee wengi wameuawa kwa madai kama hayo, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi pamefichwa neno shamba. Mtu aliyeketi peke yake ndani ya nyumba yenye giza, haonekani, haongei na watu, ni rahisi kumwundia hadithi. Sitawadanganya kwamba bustani itazuia uovu wa namna hiyo. Lakini mzee anayeonekana kila siku mbele ya nyumba yake, watoto wakipita wanamwamkia naye anawapa limau, anabaki kuwa mtu wa watu. Tena mikono hukumbuka hata baada ya majina kupotea. Mpe mzee huyo mbegu za kunde na udongo uliolainishwa, umwone atakavyozipanda sawasawa bila kufundishwa. Kaeni naye tu, msimwache na panga.

Simameni hapa mjadili:
Katika kijiji chetu yuko mzee ambaye hatujamwona kwa wiki mbili? Nani ataenda kumtazama, na siku gani?

CHAKULA

Wazee wengi wanaoishi peke yao hula vibaya, na si kwa umaskini tu. Kupikia mtu mmoja kunachosha. Meno yameisha. Basi ni chai na ugali, chai na kiazi kikuu, siku inaenda. Mboga zetu za kienyeji ndizo zinazomfaa mtu huyu, kwa sababu mrenda na nderema ni laini na hazihitaji kutafunwa. Managu, saga (wengine huita dek au chinsaga), terere na majani ya kunde yana madini ya chuma na chokaa na vitamini A. Wachanganye na maziwa kidogo kama tulivyofanyiwa na nyanya zetu. Ule munyu wa majivu wa kulainisha mboga utumike kidogo sana kwa mwenye presha, na chumvi ya dukani hali kadhalika. Mboga zisichemshwe saa nzima hadi maji yabadilike rangi na kumwagwa, maana mnamwaga na vitamini zake.

Tupige hesabu. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Akinunua mboga za shilingi 30 kila siku, kwa mwezi ni shilingi 900. Karibu nusu ya pesa zake zimekwenda kwa majani ambayo yangeota mlangoni.

Na hizo mbegu ziko kwa nani? Ziko kwa wazee. Miaka ya nyuma tuliambiwa mboga za kienyeji ni za maskini, tukakimbilia kabichi na sukuma wiki. Kutoka miaka ya 1990 wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao walianza kuzunguka vijijini kuandika habari za mboga hizi, na waliowaeleza majina, matumizi na jinsi ya kupika ni watu wa kawaida, wengi wao akina mama wenye umri. Kazi hiyo ilipofika mbali, mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliuweka mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda utamaduni. Leo managu inauzwa supamaketi Nairobi. Kwa hivyo mzee akipanda, asiwe anafanyiwa hisani. Yeye ndiye mwalimu, na sisi tuje na daftari.

KUTENGENEZA: TULIVYOKOSEA KWANZA

Baada ya yale ya mama yangu nilikuwa na moto, nikashawishi kikundi kimoja ninachofanya nacho kazi tuwatengenezee wazee 12 bustani. Tulienda na vijana, tukachimba, tukapanda, tukapiga picha, tukaimba. Baada ya miezi miwili zilikuwa zimebaki tatu. Kuku walikula nyingine. Nyingine tuliiweka nyuma ya choo kwa sababu pana nafasi, mzee hafiki. Mzee mmoja hapendi sukuma wiki na sisi tulimpandia sukuma wiki tupu. Alipoulizwa kwa nini hakunyunyizia maji alijibu, "Nilifikiri ni ya kwenu." Jibu hilo tulistahili. Zile tatu zilizobaki zilikuwa za wazee waliobishana na sisi siku ile ya kwanza, wakasema hapana, si hapa, wekeni pale.

Basi hatua ya kwanza ni kukaa na mzee na kuuliza: Unapenda kula nini? Unakaa wapi asubuhi? Maji yako wapi? Unaweza kuinama, au magoti yanakataa? Halafu mwulize mwenye shamba pia, kama boma limegawanywa kwa wana, ili mwezi ujao mtu asije akasema kipande hicho ni chake. Mahali pengine hapa ndipo penye vita. Mzee amegawa ardhi yote, amebaki na nyumba tu, na hata kivuli cha nyumba kina mwenyewe. Kikundi kisiogope kuita familia na kuongea. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo ya familia na ya Serikali. Kipande cha hatua nne kwa tatu mbele ya mlango si jambo kubwa kumwachia mtu aliyewapa shamba lote.

Kwa mzee ambaye magoti na mgongo vinakataa, gunia linafaa. Chukueni gunia la kilo 90, mlikunje mdomo mpaka lifike kwenye kiuno cha mzee aliyesimama, au kifuani pake akiwa ameketi kwenye stuli. Chagueni mahali kwanza, maana likishajaa halihamishiki. Changanyeni udongo sehemu mbili na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri sehemu moja. Katikati ya gunia simamisheni mkebe uliotobolewa pande zote mbili, jazeni mawe madogo ndani yake, kisha mimineni udongo kuzunguka. Udongo ukifika juu ya mkebe, uvuteni mkebe juu, jazeni mawe tena, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Mtakuwa na nguzo ya mawe katikati, na hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo juu patakuwa matope na chini pakavu. Kazi hii ya kujaza ni ya vijana. Mzee aketi aelekeze.

Kisha toboeni matundu ubavuni, shubiri moja kutoka tundu hadi tundu, yasifuatane kwa mstari mmoja wa wima. Humo pandeni miche ya managu, terere au sukuma wiki. Kunde zipandwe kwa mbegu hapo juu. Saga msiihamishe, mzizi wake ni mrefu na haupendi kusumbuliwa; ipandwe kwa mbegu pale itakapokaa, na itafanya vizuri zaidi kwenye tuta. Nderema hukubali kwa kipande cha shina, na mkiipa mti au ukuta wa kupanda mzee atachuma akiwa amesimama wima.

Anayeweza kuketi lakini hawezi kuinama atengenezewe tuta la juu. Zungusheni mabanzi au mawe hadi urefu wa goti au zaidi kidogo, mjaze udongo na mbolea. Upana usizidi ule ambao mkono wa mzee unafika katikati. Kama hatua moja hivi inatosha, akilizunguka pande zote. Nyanya yeyote atawaambia mambo mengine: majivu kidogo, majani makavu juu ya udongo ili maji yasikauke, maji ya kuoshea mboga yasimwagwe. Wale wadudu wadogo weusi wa kunde waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo. Dawa kali za kunyunyizia zisiletwe karibu na mlango wa mzee. Macho yake hayasomi vizuri maandishi ya chupa, na mboga zinachumwa kila siku.

Terere huanza kuchumwa baada ya mwezi mmoja hivi tangu mbegu iote. Mzee aone matokeo mapema, kwa hivyo anzeni na hiyo. Na mkipanda managu waambieni wajukuu wasile matunda yake yakiwa mabichi ya kijani, yana sumu.

Vifaa virekebishwe. Jembe dogo la mpini mwepesi, mpini ukiviringwa kitambaa au mpira wa tyubu uwe mnene, mkono wenye maumivu ya viungo utashika. Badala ya mtungi wa lita 20, jagi la lita mbili au tatu. Kama mzee hatoki kitandani, beseni kuukuu lenye matundu chini, likapandwa dhania au terere na kuwekwa dirishani, linatosha. Nimeona baba mmoja aliyepooza upande mmoja akilinyunyizia beseni lake kwa kikombe, na hakutaka mtu mwingine aliguse.

TAHADHARI

Kazi ifanywe asubuhi kabla ya saa nne, au jioni jua likishuka. Mama yangu alianguka saa saba mchana, kumbukeni. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hivyo anywe maji kabla ya kuanza, hasa kama anameza dawa ya presha inayomfanya akojoe sana. Akiinama asiinuke ghafla. Ashike kitu kwanza, maana kizunguzungu ndicho humwangusha. Fimbo au stuli iwe karibu. Awe anaweza kuongea huku akifanya kazi. Akikosa pumzi za kuongea, aketi. Maumivu ya kifua ni ya kwenda hospitali, si ya kungoja kesho.

Viatu ni lazima. Udongo na mbolea huwa na vijidudu vya pepopunda, na kuna funza pia. Mwenye sukari anaweza kujikata mguu asisikie uchungu, kidonda kikaoza. Huyo avae gambuti na kila jioni mtu amtazame nyayo. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asiongeze mboga za majani kwa ghafla bila kumwambia daktari, kwa sababu zinabadilisha nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kilekile kila siku.

KAZI YA KIKUNDI

Msianze na wazee 12 kama sisi. Anzeni na wawili. Kila mzee awe na mwanakikundi mmoja wa kumpitia, na huyo asiende kulima bali kusalimia, kutazama, na kuteka maji kama yanahitajika. Vijana wafanye kazi nzito ya siku ya kwanza kwa zamu, kama mnavyozungusha pesa za merigoraundi: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Katibu aandike vitu vichache kwenye daftari: tarehe ya kupanda, siku ya kuchuma mara ya kwanza, mzee mwenyewe anasemaje. Baada ya miezi mitatu someni daftari hilo mbele ya kikundi chote, hata kama ni habari ya kuku.

Mkutano ujao kila mmoja aje na mbegu za mboga moja ya kienyeji alizopewa na mzee wa kwao, pamoja na jina la mboga hiyo kwa lugha ya mama na maelezo ya jinsi mzee huyo anavyozihifadhi. Mimi nitaleta za mrenda. Mama huzikausha darini juu ya moshi, kisha anazitia kwenye chupa ya soda na majivu. Mwaka huu ameniambia nitapewa nusu chupa tu, kwa sababu nyingine amekwisha kuahidi majirani, na ati mimi mwaka jana zangu sikuzipanda.